Kinu cha Bweni

Kwa miaka 26 nililipwa mshahara wa kutazama choo cha watu. Nilikuwa mtu wa maabara. Asubuhi vikopo vinapangwa mezani, kila kimoja na namba yake, nami nachota kiasi cha kichwa cha kiberiti, natia tone la maji ya chumvi upande huu wa kioo na tone la iodini upande ule, nafunika, nainamia hadubini. Siku za kuhesabu mayai ya minyoo tulitumia kibati chenye tundu linalobeba miligramu 41.7, tukafunika kwa kipande cha selofani ya kijani, na mwisho tukazidisha kwa 24 kupata hesabu ya gramu nzima. Tulikuwa tukitafuta safura, minyoo mviringo, minyoo mjeledi, amiba. Tukikosa, tunaandika: hakuna kilichoonekana.

Sasa nimestaafu, na maneno hayo ndiyo yanayonirudia usiku. Katika kila gramu iliyopita chini ya kioo changu mlikuwa na mabilioni ya bakteria. Niliwaona kwa macho yangu, wakitetemeka kama vumbi kwenye mwanga wa jua unaopenya dirishani, nikawahesabu kuwa takataka zinazonizuia kuona ninachokitafuta. Tulifundishwa kumtafuta adui. Leo kuna wanasayansi ambao kazi ya maisha yao yote ni vumbi lile.

Kwa hiyo swahiba niliyesoma naye chuo aliponialika kwao Bweni, nilibeba daftari. Miezi michache kabla nilikuwa Moshi, na miaka ya nyuma niliwahi kufika Kampala, nikafika pia Mang'ola, kule kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi. Mahali pote patatu pana jina katika historia ya sayansi ya tumbo la binadamu. Nilitaka kuiweka sahani ya Bweni kando ya sahani za huko.

Boti ya Mafia inaondokea Nyamisati, inapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, inatoka baharini na kukufikisha Kilindoni. Kutoka hapo ni bodaboda kuelekea kaskazini, unapita Kirongwe, minazi mirefu kila upande. Bweni ni mwisho wa kisiwa. Ukiendelea mbele unakuta Ras Mkumbi na mnara wa taa wa enzi za Wajerumani, na baada ya mnara ni bahari tu.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na mchi. Mama yake swahiba wangu, bibi wa miaka inayopita sabini, alikuwa uani na mjukuu wake wakitwanga mpunga, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka. Nikatoka na kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Kinu kimekuamsha?"

Nikamuuliza kwa nini asiupeleke mashineni. Akaendelea kutwanga kidogo, akapumzisha mchi begani. "Mchele wa mashine mweupe, unapendeza kwa wageni. Lakini ukiula, saa nne tumbo linakuuliza umelipa nini. Huu wetu unashiba nao mpaka adhuhuri." Kisha akaupepeta kwenye ungo, makapi yakaruka, na mchele uliobaki ulikuwa na wekundu wa ile ngozi nyembamba ya punje. Niliandika katika daftari: mchele umevuliwa shati, haukuchunwa ngozi.

Mchana tulikula wali ule kwa kunde za nazi, samaki wa kuchoma na mchunga uliochumwa nyuma ya nyumba, mchungu kweli kweli. Jioni ulikuja muhogo wa nazi. Siku ya pili ilikuwa pweza na matembele, siku ya tatu kisamvu. Dukani, hatua chache kutoka hapo, nilikuta sembe ya viroba kutoka Dar es Salaam, mkate mweupe, biskuti, tambi, soda, na vinywaji vya kuongeza nguvu katika chupa za plastiki. Nilimuuliza muuzaji kama ana dona. Akacheka kwa upole: "Dona nani anunue, mzee? Watu wanataka ugali mweupe."

Neno letu la kazi hiyo ni kukoboa. Mahindi yakikobolewa yanapoteza ganda na kiini, unabaki wanga mweupe. Pumba wanapewa kuku na ng'ombe. Sisi tumelifanya jambo hilo kuwa dalili ya maendeleo, mpaka shule ya bweni inayopika dona inalalamikiwa na wazazi kuwa inawanyanyasa watoto. Na alikuwapo daktari aliyeutumia uzee wake wote kueleza kuwa katika pumba zile ndimo tunamomwaga afya yetu.

Jina lake Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, 1911. Akiwa mvulana wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Mwaka 1946 alifika Uganda kama daktari wa upasuaji, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala. Ulimwengu unamjua kwa saratani ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake, ambayo aliiandika mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alipanda gari kuukuu la Ford wakazunguka kwa wiki kumi, karibu kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali kwa hospitali: ugonjwa huu mnao? Kila jibu likatiwa alama kwenye ramani. Nilipofika Mulago, miaka mingi baadaye, nilisimama juu ya kilima kile nikawaza juu ya mtu mwenye jicho moja aliyeiona ramani ambayo wenye macho mawili hawakuiona.

Alirudi Uingereza mwaka 1966, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza, ile inayonihusu mimi. Alianza kuziandikia hospitali za misheni za Afrika na kwingineko, akiuliza wanaona wagonjwa wangapi wa kidole tumbo, bawasiri, saratani ya utumbo mpana. Majibu yalionyesha kuwa maradhi yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu vijijini Afrika. Mwaka 1972 yeye, Alec Walker na Neil Painter walichapisha vipimo. Watu walimeza punje ndogo zinazoonekana kwenye eksirei, choo chao chote kikakusanywa na kupigwa picha mpaka punje zitoke. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi, na uzito wa choo ulikuwa karibu gramu 470 kwa siku. Kwa wanamaji wa Uingereza, saa 83 na gramu 104.

Nazifahamu kazi za namna ile. Mtu anayekubali kukusanya choo cha wanamaji na wanakijiji, akakipima uzito kimoja kimoja bila kuona haya, namheshimu kuliko ninavyoweza kusema.

Lakini hata kwa heshima hiyo, daftari langu lina alama ya kuuliza kando ya ramani zake. Rejista ya hospitali huandika waliofika hospitali. Mtu aliyekufa na tumbo lake kijijini, siku tatu kutoka barabara, hakuhesabiwa na Burkitt wala na yeyote. Nilifanya kazi miaka mingi na rejista hizo na najua mapengo yake. Pia aliamini nyuzinyuzi za chakula hufanya kazi kama ufagio: zinajaza, zinasukuma, zinatoka. Alikufa mwaka 1993, kabla hajaona sehemu kubwa ya jibu.

Jibu lilikuwa kwenye vumbi langu. Nyuzinyuzi za kunde, za muhogo, za ngozi ya punje ya mchele, sisi hatuna vimeng'enya vya kuzisaga. Zinashuka mpaka utumbo mpana zikiwa nzima, na huko zinakuta bakteria wanaozingoja. Wanazichachusha, na kutokana na uchachu huo zinatoka asidi ndogondogo, mojawapo ikiitwa butireti. Chembe za ukuta wa utumbo mpana hula butireti kama chakula chao kikuu, na mfumo wa kinga unaisikia butireti kama sauti ya kuambiwa utulie. Kwa hiyo ukila kunde umewalisha wapangaji, nao wanalipa kodi. Usipowalisha, baadhi yao hugeukia ute unaoulinda ukuta wenyewe na kuula. Mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38, wengi wao humo, na wote kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 tu.

Maabara yangu haikuweza kuwajua kwa sababu wengi wao hufa wakiguswa na hewa. Ukiwapanda kwenye sahani ya maabara hawaoti. Ilibidi ije teknolojia ya kusoma DNA moja kwa moja kutoka kwenye choo, bila kuotesha kitu.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walifanya jambo rahisi kuelewa. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili: hawa wakala cha wale, wale wakala cha hawa. Kwa Wamarekani butireti ilipanda zaidi ya maradufu. Kwa wanakijiji ilishuka nusu. Wiki mbili tu.

Hapo ndipo safari yangu ya Moshi inapoingia. Nilikwenda kumtembelea ndugu, lakini rohoni nilikuwa na makala za Dk. Godfrey Temba wa Chuo Kikuu cha KCMC. Huyu ni Mtanzania aliyeifanya kazi ya utafiti wake kuwa juu ya chakula cha nyumbani. Mwaka 2021, yeye na wenzake wa Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha matokeo ya Watanzania 323 wenye afya njema, wa mjini Moshi na wa vijiji vya jirani. Wa mjini walionekana kuwa na moto mdogo unaowaka ndani ya mwili: kinga yao ilikuwa imechokozwa bila kuwapo adui. Nao hawakuwa wagonjwa. Tofauti hiyo iliambatana na chakula.

Kisha Aprili 2025 ikatoka kazi nyingine. Wanaume 77 wenye afya. Ishirini na watatu waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu: chipsi, mkate mweupe, vyakula vya kiwandani. Ishirini na wawili waliozoea vya mjini walirudishwa kwenye vya wazee: maharage, ndizi, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Wengine 22 walikunywa mbege kwa wiki moja, na 10 wakaendelea na chakula chao cha kawaida wawe kipimo cha ulinganisho. Waliohamia chakula cha kiwandani, viashiria vya moto ule vilipanda damuni na chembe zao za kinga zikawa nzito kuitikia vimelea. Waliorudi kwa wazee, na hata wanywaji wa mbege, moto ulishuka. Wiki nne baada ya jaribio baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo.

Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizopikwa, kimea cha ulezi na gome la msesewe, kisha inaachwa ichachuke. Mjomba mmoja kule Machame alinikaribisha kata, nikamweleza utafiti huo. Akasikiliza kwa makini, akasema: "Basi waandike pia kwamba ni kata moja, si ndoo." Nimeandika. Pombe ni pombe, na utafiti ule ulikuwa wa wiki moja.

Kinachonifurahisha katika kazi ya Temba ni mahali anaposimama. Burkitt alikuwa mgeni aliyetazama sahani yetu ili aitibu nchi yake, na alifanya hivyo kwa uaminifu. Temba anatazama sahani ya mama yake ili aizuie nchi yake isiugue.

Kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa Eyasi, mambo yana sura nyingine tena. Nilipopita Mang'ola sikwenda kwenye kambi zao. Sikuona sababu ya kwenda kuwatazama watu wanavyokula. Nilichojua nilikisoma. Mwaka 2014 Stephanie Schnorr na wenzake, Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwemo, walilinganisha choo cha Wahadzabe 27 na Wataliano 16 wa Bologna. Mwaka 2017 kundi la Justin Sonnenburg wa Chuo Kikuu cha Stanford, likiwa na Alphaxard Manjurano na John Changalucha wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tawi la Mwanza, lilionyesha kuwa bakteria wa Wahadzabe wana misimu: kuna jamaa wanaotoweka masika, wakati wa asali na matunda, na wanarudi kiangazi. Mwaka 2023 ikaja hesabu iliyonifanya nifunge kitabu nikatembea: Mhadzabe mmoja, kwa wastani, ana spishi 730 tumboni; mkazi wa California ana 277.

Nilimsimulia bibi habari ya misimu. Hakushangaa. "Hata sisi tumbo la kusi si tumbo la kaskazi," alisema. Upepo wa kusi ukivuma bahari inachafuka, kitoweo kinapungua, watu wanaegemea kunde na muhogo. Maembe yakiiva watoto hawali kingine. Aliyasema kama mtu anayetaja siku za wiki.

Naandika haya kwa tahadhari, kwa kuwa najua upande wa pili wa kikopo. Sahani ya Bweni ni tajiri, lakini tumbo la mtoto anayekunywa maji ya kisima kisichofunikwa halijui utajiri huo. Kuhara kunaua. Safura inanyonya damu ya mama mjamzito. Mafia ndiyo wilaya ya kwanza Tanzania Bara kugawiwa dawa za matende, mwaka 2000, ivermektini pamoja na albendazo, na albendazo ile ile ikafagia minyoo ya tumbo. Mpango huo uliongozwa na Dk. Mwele Malecela, aliyekuja kuwa mkuu wa NIMR na baadaye akahamia Shirika la Afya Duniani. Alifariki Februari 2022. Kila mtoto wa Bweni asiyeumwa tumbo leo ana deni dogo la shukrani kwake. Wako wasomi wa mbali wanaosoma hesabu ya spishi 730 wakatamani watu wabaki na maisha yale yale, choo cha porini na mengine yote. Nawapinga. Huhitaji kunyimwa maji safi ili ule kunde. Choo bora na kinu vinakaa katika ua mmoja, nami nimeviona vimekaa, kwa bibi huyu.

Ninachokihofia Bweni ni lile duka. Siku ya nne niliketi kwenye kibaraza chake nikahesabu, kama nilivyozoea kuhesabu mayai. Kwa saa mbili walikuja watoto 19. Kumi na mmoja walinunua soda au kinywaji cha rangi, sita biskuti, mmoja sabuni, mmoja mafuta ya taa. Si utafiti huo, ni macho ya mzee kibarazani. Lakini mjukuu aliyetwanga na bibi asubuhi alikuwa miongoni mwa kumi na mmoja, na aliponiona alificha chupa nyuma ya kanga yake.

Vyakula vya asili vinaweza kurudishwa na kuheshimiwa, nimeona mfano. Mwanza, tangu mwaka 2004, akina mama wa Mabatini walifundishwa kutengeneza mtindi wenye bakteria wa faida, kwa ushirikiano wa NIMR na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada, wakauuza mtaani kwao. Hakukuwa na kiwanda kikubwa. Kulikuwa na sufuria, maziwa, na mtu wa maabara aliyekubali kushuka mtaani. Bweni hawakosi nazi, kunde, mpunga, muhogo. Wanakosa mtu wa kuwaambia, kwa vipimo, kuwa wanachokiona aibu kumpikia mgeni ndicho ambacho dunia inakitafuta.

Usiku wa mwisho bibi aliniuliza swali nililoogopa kuulizwa kwa miaka 26. Alisema wakati wa kampeni za minyoo watoto wake walitoa vikopo mara kadhaa, na alitaka kujua vilikwenda wapi. Nilijaribu kumweleza habari za rejista, wilaya, taarifa za mwaka. Akasubiri nimalize. "Lakini sisi hatukuambiwa kitu," alisema. "Mtu akichukua choo changu, si aniambie alichokiona?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa mimi pia nilivichukua vikopo vingi, vijiji vingi, na sikumbuki hata kimoja nilichokirudia kuwaambia wenyewe.

Ninyi vijana wa maabara mnaosoma sasa bakteria kwa mashine ambazo mimi sikuziota, najua siku moja mtafika kaskazini mwa Mafia na vikopo vyenu. Fikeni mapema, kabla duka halijakishinda kinu. Ulizeni watu wanakula nini kusi na kaskazi, na wakiwatajia mchunga au matembele, andikeni kwa majina hayo hayo. Kisha vikopo vikishapimwa, pandeni tena boti ya Nyamisati, pandeni bodaboda, mje muwasomee majibu yao. Bibi ameniahidi atatoa kikopo cha kwanza.

Mrudishieni majibu.